Mjomba amekubali. Je, nianze kushuti?

SWALI: Mimi ni kijana wa Tandahimba, kazi yangu ni kupiga video za harusi na sherehe za unyago. Nina kamera moja na kompyuta ya kuhariria. Mjomba wangu ana busha la miaka mingi, na mguu wake wa kulia una matende. Ameandikiwa operesheni mara mbili na mpaka leo hajafanyiwa. Nimemwomba nimtengenezee dokumentari ili watu waone mateso yake, naye amekubali. Nianzie wapi, na nifanye nini ili filamu iguse watu?

JIBU: Mdogo wangu, katika barua yako yote neno lililonisimamisha ni hilo "amekubali".

Wewe ni mpwa wake. Huku kwetu Kusini, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, unajua mjomba ni nani. Ndiye anayeulizwa kabla hujaingia jandoni, ndiye anayekwenda kukuposea, na ukipata kesi ndiye anayekaa upande wako barazani. Mtu wa namna hiyo akiombwa na mpwa wake jambo la kumsaidia kazi, atasema ndiyo hata kama moyoni hataki. Amekubali kukusaidia wewe. Kwamba vijana wa Mbagala watamtazama kwenye simu wakiwa ndani ya daladala, na baadhi yao watacheka, hilo nadhani hujamuuliza.

Kwa hiyo rudi ukamuulize upya, na usiende peke yako. Nenda na mtu wa rika lake ambaye hana haja ya kumfurahisha mpwa. Mwonyeshe mjomba kwenye simu video yoyote ya mgonjwa iliyosambaa, kisha mteremshie chini ayasikie maoni ya watu, yale mazuri na yale ya kishenzi. Mwambie wazi kwamba ikishatoka hairudi. Mwambie pia kwamba anaweza kusema bila uso wake kuonekana, au sauti tu. Wazee wengi hawajui kwamba hilo linawezekana, wanadhani ni kukubali yote au kukataa yote.

Sheria nayo iko upande wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na taarifa nyeti zinataka ridhaa ya maandishi. Ridhaa hiyo aliyeitoa anaweza pia kuiondoa. Kama hasomi, asomewe kwa Kimakonde mbele ya shahidi, aweke dole gumba. Mimi huomba ridhaa mara tatu: kabla ya kuanza, katikati pale hali inapobadilika, na mara ya mwisho akishaitazama kazi yote kabla haijatoka. Katika miaka yangu ya kutengeneza dokumentari wamenikatalia mara ya tatu watu wawili. Iliniuma, hasa ile ya pili, maana nilikuwa nimeshauza ng'ombe wa matumaini kabla hajazaliwa. Lakini filamu zote mbili nilizifuta.

Sasa twende kwenye hayo "mateso". Nakuonya mapema: usiijenge filamu juu ya ule mguu. Mguu wa matende unamshtua mtazamaji kwa nusu dakika, baada ya hapo anageuza uso au anapandisha kidole aende video nyingine. Picha za miguu hiyo zimebandikwa kwenye kuta za zahanati zetu miaka nenda rudi, watu wanakaa chini yake wakichati. Mwonyeshe mjomba mzima kwanza, anavyocheka, anavyogombana na kuku, anavyopanga bao. Mguu uonekane pale unapofanya kazi ndani ya hadithi: anapotafuta kiatu kinachoingia, anapoukunjua usiku. Busha usilionyeshe kabisa. Shuka iliyofungwa kwa namna fulani inatosha, mtu wa pwani ataelewa.

Kitu ambacho watu hawajakiona ni hesabu. "Ameandikiwa operesheni mara mbili na hajafanyiwa." Umeiandika sentensi hiyo ukapita, kumbe filamu yako yote imelala humo. Kati ya karatasi na meza ya upasuaji kulitokea nini? Kaa naye jioni moja bila kamera, uwe na daftari. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi gani? Alitoka nyumbani saa ngapi? Nani alimsindikiza, na huyo aliacha kazi gani? Kiliuzwa nini? Aliambiwa arudi lini, na kwa nini hakurudi?

Nitashangaa kama korosho haitatokea katika majibu. Tazama kalenda yetu. Kuanzia katikati ya mwaka ni kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, na pampu ya mgongoni ni mzigo hata kwa mtu mwenye miguu miwili mizima. Oktoba hadi Desemba ni kuokota, kutenganisha korosho na mabibo, kupeleka ghala la chama cha msingi na kusubiri mnada. Pesa ikiingia ndipo mtu anaweza kwenda hospitali, lakini mvua nazo zimeshaanza na shamba linataka palizi. Upasuaji wa busha si mkubwa, ila unamtaka mtu apumzike wiki kadhaa bila kubeba wala kulima. Daktari akimwandikia tarehe ya mwezi wa kumi, amemwambia achague kati ya mwili wake na mapato ya mwaka mzima. Faili litasema "mgonjwa hakutokea." Filamu yako inaweza kusema alikuwa wapi siku hiyo.

Halafu usafiri. Usiseme tu kwamba hospitali iko mbali, maana kila filamu ya afya inasema hivyo. Mtu mwenye busha kubwa hawezi kukaa juu ya bodaboda kama wewe na mimi. Anakaa upande, au anakodi bajaji peke yake, au anasubiri gari la mtu. Hilo tu, likionyeshwa vizuri, linamweleza mtazamaji kwa nini kilometa 30 za mtu mmoja si kilometa 30 za mwingine. Na bima nayo ina ukomo wake. Kwa miaka kadhaa kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Yote mema. Ila kadi hailipi bajaji, wala hailipi kibarua atakayepuliza salfa badala ya mjomba. Ukiweza kuziweka gharama hizo kwenye skrini moja baada ya nyingine, kwa sauti yake mwenyewe akizihesabu kwa vidole, huhitaji muziki wa huzuni.

Acha nikukirie kosa langu. Zamani kidogo tulikuwa tunashuti katika kijiji kimoja cha Lindi, mama mmoja anatoka nyumbani alfajiri na mtoto mwenye homa mgongoni, anatembea kwenda barabarani kusubiri basi. Gari letu tulilificha chini ya mwembe lisionekane. Mwanga ulikuwa hafifu, nikamwomba arudi mlangoni atembee tena. Akarudi, akatembea tena, mtoto analia. Tulipofika barabarani akatuona tunapakia vyombo, akasema, "Kumbe mna gari." Basi. Hakuongeza neno. Tukampakia, mtoto akatibiwa akapona, na ile picha ikasifiwa sana na waliotulipa. Mimi siwezi kuitazama mpaka leo.

Kwa hiyo ukiwa na njia ya kumfikisha mjomba hospitali, mfikishe. Usimwache ateseke kwa ajili ya picha. Lakini useme ndani ya filamu kwamba siku hiyo ulimkodia wewe usafiri, kwa sauti yako, bila kujisifu. Mtazamaji atajiuliza mwenyewe habari za wajomba wasio na mpwa mwenye kamera. Kuhusu kumlipa: usimlipe ili aseme, ila siku zake za kazi unazozila zilipe, na chakula kiwe chako.

Sasa ugonjwa wenyewe, maana ukiukosea hapa utawadhuru watu. Matende na mabusha, yaani ngirimaji, vinaletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Utasikia barazani kwamba busha linatokana na kunywa madafu mengi, au limetupwa na mtu. Waache wazee waseme hivyo kwenye filamu kama wanaamini, lakini asitoke mtazamaji bila kusikia jibu la mtaalamu. Na tenganisha mambo mawili ambayo waandishi wengi huyachanganya. Busha linatibika kwa upasuaji. Matende yaliyokwisha kuvimba kwa miaka hayaondoki kwa upasuaji huo wala kwa vidonge. Zile kingatiba zinazogawiwa kwa mwaka mara moja, albendazole na ivermectin, kazi yake kubwa ni kuua vimelea vichanga vilivyo kwenye damu ili mbu asivipeleke kwa mwingine. Minyoo mikubwa inaishi mwilini miaka kadhaa, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka ugawaji uendelee angalau miaka 5 na uwafikie si chini ya asilimia 65 ya watu. Mjomba akimeza vidonge na mguu ukabaki vilevile, jirani atasema dawa ni ya uongo, na mwaka unaofuata atakataa yeye na watoto wake. Sentensi moja ya maelezo kwenye filamu inaweza kuzuia hilo.

Ugawaji wa kingatiba una picha nzuri, usiukose ukikukuta. Watu wanasimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu ili kujua vidonge vingapi, kuanzia watoto hadi mabibi, na hapo vichekesho havikosi. Vimelea hivi pia vina tabia ya kujitokeza kwenye damu iliyo karibu na ngozi usiku, karibu saa nne hadi saa nane, ndiyo maana kwa njia ya zamani ya kupima wataalamu walikuwa wanapita vijijini usiku wa manane kutoboa watu vidole. Sasa kuna kipimo cha haraka cha mchana. Mtafute mzee anayekumbuka kutobolewa usiku kwa taa ya kandili, huyo ni dakika mbili za dhahabu.

Ila mahali ninapotaka ukae kuliko popote ni kwenye ndoo ya maji.

Tiba ya kila siku ya mguu wa matende ni kuuosha. Maji safi na sabuni, asubuhi na jioni, kwa upole. Kukausha vizuri, hasa katikati ya vidole. Kupaka dawa kwenye michubuko, kuuinua mguu anapopumzika, kuuchezesha, na kuvaa kiatu kisichobana. Haimrudishii mguu wa ujana, lakini inapunguza yale mashambulizi ya homa na mitoki yanayomlaza mtu siku kadhaa. Mhudumu wa afya atamwambia haya kwa dakika tatu na kumpa kipeperushi. Sasa wewe ni mtoto wa Tandahimba, hunihitaji nikueleze maji ya nyanda za Makonde. Udongo wa juu ni mchanga, mvua ikinyesha inazama, na tangu mababu zetu watu wamekuwa wakiteremka mabondeni kuyafuata au wakikinga ya bati kwenye visima vya saruji. Fanya hesabu. Akitumia lita 5 asubuhi na lita 5 jioni kwa mguu mmoja, dumu la lita 20 linakwisha kwa siku mbili. Mwezi ni madumu 15, kabla hujapika, hujaoga, hujatawadha. Nani anayabeba? Kiangazi yananunuliwa kwa bei gani pale kijijini kwenu? Mjomba akisema, "Naosha mguu, halafu wajukuu wanywe nini?", hapo umeshavuka habari ya hospitali na kufika kwenye habari yenyewe.

Kwa hiyo shuti safari ya dumu moja kutoka linapochotwa mpaka beseni la mjomba. Usikate mapema. Sauti ya maji yakimiminwa polepole, mtu akiyapima kwa jicho. Nunua kipaza sauti kidogo cha kubana shatini kabla hujafikiria kununua lenzi nyingine. Sauti mbovu inafukuza watu kuliko picha yenye giza. Na tafadhali, drone ya harusini, kama unayo, iache nyumbani.

Hospitalini nitapita haraka kwa sababu mambo yake yanajulikana. Unahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa uongozi wa hospitali yenyewe, iwe ni ya wilaya, Ligula, Mkomaindo au ya misheni kama Ndanda na Nyangao, na uongozi wa kijiji uwe na nakala. Usiingie na kamera ya kificho. Watu wengine kwenye benchi hawakukupa ridhaa, kwa hiyo piga viatu, mikono, kadi, feni inayozunguka. Na usimgeuze muuguzi kuwa adui wa filamu. Kwenye zahanati nyingi mtu huyohuyo anazalisha, anachanja, anagawa dawa na kujaza vitabu vya ripoti. Mwombe umfuate kutwa nzima. Ukiona amemjibu mtu kwa ukali saa kumi jioni, mtazamaji atakuwa ameshaona saa zake kumi za nyuma.

Usitangulie maabara kuutaja ugonjwa. Unakumbuka Ruangwa, Julai 2022. Watu waliugua homa, kichwa, wengine wakatoka damu puani, na kabla wataalamu hawajamaliza kupima mitaa ilikuwa imeshajaza majina ya kutisha. Wizara ilipotangaza, wagonjwa walikuwa 20, watatu wamefariki, na ugonjwa ukatajwa: homa ya mgunda, inayopatikana kwa kugusa maji au udongo wenye mkojo wa wanyama kama panya. Mwenye kamera aliyekimbilia kutaja jina jingine wiki moja kabla hakuwa na namna ya kulirudisha.

Lugha: mwache mjomba aseme Kimakonde, uweke maandishi ya Kiswahili chini. Kiswahili chake cha mbele ya kamera kitakuwa cha ofisini, kimenyooka na hakina mtu ndani. Halafu tusijidharau. Mwaka 1952 ilizuka homa ya kuvunja viungo huku kwetu, upande wa Newala na nyanda za Makonde. Madaktari waliokuja kuichunguza wakachukua jina walilolikuta midomoni mwa watu, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja kwa maumivu. Leo chikungunya inatajwa hivyohivyo India, Brazil na kote ilikofika. Watu wetu wanajua kuusema ugonjwa.

Na katika kuhariri, jihadhari na sauti ya mwalimu. Filamu za afya nchini hapa zina historia ndefu ya kufokea watu. Mwaka 1935 hadi 1937 Waingereza waliweka kituo cha majaribio ya sinema Vugiri, milima ya Usambara, wakatengeneza filamu 35, nyingine za afya, kuna ya safura na ya malaria ya watoto, wakazizungusha kwa lori na jenereta. Mwananchi alikuwa mwanafunzi tu ndani yake. Zaidi ya miaka 80 imepita na bado napokea dokumentari zinazomalizika kwa sauti nzito ikisema jamii inapaswa kubadilika. Mjomba wako ameshakwenda hospitali mara mbili. Abadilike nini tena?

Dakika 12 mpaka 15 zinakutosha. Ukiimaliza, unaweza kuipeleka tamasha la filamu la ZIFF, Unguja, sikukatazi, lakini maonyesho ya kwanza yawe chumbani kwa mjomba, mlango umefungwa, yeye na aliowachagua. Hapo ndipo ile ridhaa ya tatu inapoombwa. Akikubali, ya pili iwe uwanjani kijijini, kwa shuka nyeupe na projekta, hata ya kuazima. Siku hiyo mwalike mratibu wa wilaya wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele, na mpange mapema: asihutubie, akae pembeni na daftari lake, kwenye giza kidogo, mbali na spika. Wanaume wenye busha hawanyooshi mkono mbele za watu. Lakini filamu ikiisha na watu wakianza kutawanyika, utaona mmoja anachelewa kukunja mkeka, halafu mwingine. Waache wafike kwenye daftari bila kamera, hata kama vidole vinakuwasha. Hakikisha tu kwamba tarehe wanazopewa haziangukii mwezi wa kumi.

Anza na lile dumu. Lishuti wiki hii, asubuhi, kabla jua halijawa kali, uniletee dakika tano bila muziki na bila maneno yako.